Swali la Mkalimani

Kazi ya ukalimani ina sheria moja ambayo wageni huishangaa: mkalimani hana "mimi" yake. Waziri akisema "nimechoka", mkalimani aliyelala usingizi wa kutosha na kunywa chai vikombe viwili naye atasema "nimechoka", tena kwa sauti ya uchovu. Mshitakiwa akisema "sikuiba", mkalimani atasema "sikuiba" huku mkoba wake mwenyewe ameukumbatia. Ikimlazimu kusema jambo lake, labda kipaza sauti kimezimika au hakusikia tarakimu, hujitaja kana kwamba ni mtu mwingine aliyepita njia: "Mkalimani anaomba urudie." Akishasema hivyo anarudi ndani ya mdomo wa mwenzake, na yeye mwenyewe ananyamaza.

Mwanamke ambaye tunasimulia habari zake hapa aliishika sheria hiyo kwa miaka ishirini na miwili ya ajira. Kusema kweli aliishika tangu ana miaka mitano, kabla hajajua kuwa ni kazi ya kulipwa. Baba yake alikuwa seremala, na alikuwa kiziwi tangu angali ananyonya. Hakupelekwa shule, kwa hiyo hakujua lugha ya alama wanayofundishwa viziwi wengine. Alikuwa na yake ya nyumbani. Alianza kuibuni na mama yake mzazi, akaiongeza na mkewe, akaja kuikamilisha na binti yake. Sukari ilikuwa kidole kinachopanguswa mdomoni. Mteja alikuwa mtu anayekunja uso huku akibonyeza meza kutafuta kasoro. Daktari, baridi, Jumatatu, mchumba anayeringa, kila kimoja kilikuwa na umbo lake hewani. Tangu dunia iumbwe, watu waliopata kuijua lugha hiyo ni wanne tu.

Basi mtoto alikuwa anatangulia dukani, kichwa hakijafika kaunta, na baba nyuma yake anasema kwa mikono. "Nataka misumari ya inchi tatu," mtoto anasema, "na ile ya juzi ulinipunja." Mwenye duka anainama kumtazama. "Nilikupunja wewe?" Naye, bila kupepesa macho, anajibu, "Ndiyo, mimi, na nina familia ya kulisha." Mtaa mzima ulikuwa unavunjika mbavu. Wakampachika jina la Mdomo, Mdomo wa Fundi kwa kirefu, na jina likamganda. Kichekesho ni kwamba mtoto mwenyewe alikuwa mkimya kupita kiasi. Ukimwuliza habari zake yeye, anatazama miguu.

Mama yake alifariki Mdomo akiwa na miaka kumi na minne, na lugha ile ikabaki ya watu wawili. Alisoma kwa bidii, akapata ufadhili, akaenda mbali miaka mitano kujifunza lugha ya watu wasiomjua. Baba hakujua kuandika. Kila mwezi alituma bahasha yenye karatasi ya kupimia makabati, na juu yake mikono minne mitano aliyoichora kwa penseli ya useremala: mkono wa mvua, mkono wa mbao kupanda bei, mkono wa goti kuuma. Wenzake bwenini walidhani baba yake ni mchoraji aliyechanganyikiwa. Yeye alikuwa akizisoma barua hizo kitandani, huku mikono yake ikizirudia chini ya shuka.

Aliporudi akawa mkalimani wa mikutano na mahakama. Aliolewa, wakaachana bila ugomvi, hawakujaliwa mtoto. Mume alilalamika kwamba akianza sentensi mke ameshaimalizia, tena kwa ufasaha kumzidi yeye. Pengine alikuwa na haki. Mdomo akahamia tena nyumba ya baba yake, chumba cha nyuma karibu na karakana, akawa anaamka kwa harufu ya maranda mabichi. Miaka ile ilikuwa miaka yake mizuri, ingawa hakuitambua hivyo wakati inapita.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, maana bila hilo haya yote ni porojo.

Miaka sita kabla ya siku tunayoielekea, baba yake alishikwa na maumivu ya tumbo na mgongo, wakaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye haraka. Akaiweka picha kwenye mwanga, akaeleza: mshipa mkuu wa damu tumboni umevimba, kama mpira wa baiskeli unavyoota nundu. Ukipasuka, hakuna muda wa kufanya lolote. Kuurekebisha inabidi mzee apasuliwe, na kwa umri wake na moyo wake, kuamka ni nusu na kutoamka ni nusu. "Muulize anachagua lipi," alisema.

Baba alikuwa ameketi kitandani, shati limefunguliwa, anamtazama binti yake akisubiri. Alikuwa hivyo hivyo miaka yote, akisubiri aletewe maneno ya dunia. Mdomo aliinua mikono. Ikasema: daktari anasema ni umri, upumzike, usinyanyue vitu vizito. Baba alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Kisha Mdomo akamgeukia daktari na kusema, "Hataki kupasuliwa."

Kwa pumzi moja aliwadanganya wote wawili, yeye ambaye hakuwahi kumpunguzia mtu hata nukta. Alijiambia ni kwa muda tu. Atamwambia Jumapili, wakiwa wametulia. Jumapili kukaja wageni. Jumapili ya pili baba alikuwa na furaha, na nani anamharibia mtu furaha? Zikapita Jumapili kumi na saba. Jumatano moja asubuhi, mzee ameinama kuvaa viatu, mshipa ukapasuka.

Msibani shangazi alilia na kusema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndugu yangu alikuwa msiri mno." Mdomo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, na methali ile ilimpata yeye pasipo shangazi kujua.

Tangu hapo alimkosa baba yake kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu, maana alimkosa kwa mikono. Lugha yenye msemaji mmoja si lugha tena, ni ugonjwa wa vidole. Anasonga uji, anakumbuka kituko cha kazini, anageuka kumwambia, mkono mmoja umeshapanda hewani. Hakuna mtu. Alitamani amwone hata dakika tano. Asingeomba zaidi ya hizo. Na katika dakika hizo alijua angeuliza kitu kimoja: je, mimi ndiye niliyekuua?

Ndipo ilipokuja barua ya kazi. Maktaba kuu ingekuwa na mjadala wa siku moja, mtawa wa Kibuddha kutoka ile nchi aliyosomea akiketi na profesa wa ubongo, mada ikiwa nafsi, sababu na karma, yaani matendo ya mtu na matunda yake. Kazi za dini Mdomo alikuwa akizikimbia, kwa sababu ulimi ukiteleza kidogo unaandamwa na pande zote mbili. Hii aliikubali saa ile ile. Alisoma wiki mbili, akajaza daftari zima kwa istilahi. Moyoni alikuwa na tumaini la kitoto: kwamba katika ukumbi uliojaa watu, mmoja wao angeuliza swali lake yeye, naye angepata jibu bila kufungua kinywa chake.

Siku ilipofika, watu walijaa hadi ngazini. Nadhani wengi walikuja kuona ugomvi. Fahali wawili hawakai zizi moja, wanasema, lakini hawa walikaa, tena mmoja akamsogezea mwenzake glasi ya maji. Mtawa alikuwa mfupi, mwenye kikohozi, na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Profesa alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya kumlaza mtu. Mdomo aliketi katikati. Mtawa akisema, yeye anaandika alama zake kwenye daftari kisha anawaambia watu kwa kipaza sauti. Wengine wakisema, yeye anamnong'onezea mtawa sikioni.

Mtawa alisema: ukinitafuta mimi utakuta mwili, utakuta hisia, utakuta kutambua vitu, misukumo ya nia na fahamu. Vitano. Hakuna wa sita aliyekaa ndani akivimiliki. Tunasema "mimi" kama tunavyosema jua limezama, ilhali jua halijaenda popote. "Kwa hiyo mimi mnayemwona hapa hayupo kwa namna mnavyodhani," akamalizia. Mdomo naye, kwa sheria ya kazi, akasema vivyo hivyo kwenye kipaza sauti, na watu wa nyuma wakacheka, kwa kuwa sasa wasiokuwepo mezani walikuwa wawili.

Profesa alikiri kwamba hata yeye, miaka thelathini akiuchungulia ubongo, hajakuta chumba cha bosi. Kuna shughuli nyingi zinazoendelea pamoja, na kumbukumbu hujengwa upya kila tunapokumbuka, ndiyo maana ndugu wawili hugombana juu ya siku ile ile. Hadi hapo walikuwa chanda na pete. Walipofika kwenye sababu, njia zikaachana. Mtawa alisema kila kitu hutokea kwa kuegemea vingine, na nia ya mtu ni mojawapo ya hivyo. Nia huzaa matunda. Profesa akasema, kwa upole, kwamba sababu anazozijua yeye hazina maadili. Jiwe likianguka haliulizi kichwa kilicho chini ni cha mwema au mwovu. Na kuhusu maisha baada ya haya, hana kipimo cha kukana wala kukubali, kwa hiyo ananyamaza. Mtawa akatabasamu, akasema kunyamaza nako ni jibu zuri.

Maswali yakaanza. Mdomo alisubiri. Mmoja akauliza ikiwa kompyuta inaweza kuwa na karma. Mwingine akahutubia dakika sita, asiulize kitu. Mwenyekiti wa mjadala akatazama saa, akasema limebaki moja, akampa mzee wa koti la kahawia aliyekuwa akinyoosha mkono tangu mwanzo.

"Mimi kinyozi, nimestaafu, sikusoma sana," mzee alisema. "Mnasema mimi wa leo siye yule yule wa kesho. Haya. Nikila pilipili leo, kiungulia cha kesho kinamshika nani? Kikinishika mimi, basi mimi nipo. Kikimshika mwingine, yeye kosa lake nini?"

Ukumbi ulicheka, kisha ukatulia, kwa sababu swali lilikuwa na meno. Mdomo akainama kwenye sikio la mtawa. Alikuwa na kila neno tayari, pilipili na kiungulia. Lakini lilikuwa swali la mwisho, na watu walishaanza kukusanya mikoba yao. Kilichomtoka kilikuwa hiki: "Nilikuwa mkalimani wa baba yangu kiziwi. Daktari alileta habari ya mshipa unaoweza kupasuka na upasuaji wa nusu kwa nusu, nikamwambia ni habari ya kupumzika. Akafa. Je, mimi nilimwua? Na kama yeye hayupo, na mimi wa siku ile hayupo, nani atamsamehe nani?"

Mtawa hakugeuka kumtazama. Alimtazama kinyozi, kama ilivyo desturi, maana aliamini swali ni lake. Alimtazama kwa huruma nzito hata kinyozi akarekebisha kola yake. Hakuwahi kufikiri kiungulia ni jambo kubwa kiasi kile. Kisha mtawa akazungumza polepole dakika tatu nzima, na katika dakika hizo tatu kalamu ya Mdomo haikugusa karatasi.

Alipomaliza, watu mia mbili walimgeukia mkalimani wao.

Angeweza kuwapa jibu la kiungulia. Alishasoma vya kutosha kulitunga, tena zuri: kwamba anayekula na anayeungulia si mmoja wala si wawili, kama mtoto aliye kwenye picha ya zamani na mzee anayeitazama. Hakuna ambaye angejua. Ulimi hauna mfupa. Lakini ingekuwa mara ya pili, na safari hii bila hata kisingizio cha kumwonea mtu huruma.

"Mkalimani anasema," akaanza, akakwama. "Mkalimani anaomba radhi. Swali la mzee halikufika. Mkalimani aliuliza la kwake." Akalisema swali lenyewe kwa lugha ya ukumbi, lote.

Mwenyekiti alitaka kuinuka. Profesa akamshika mkono. "Mwache atupe na jibu," alisema. "Ni la watu wote sasa."

Basi Mdomo akafanya kazi yake. Akasema kwa kinywa chake mwenyewe, akijiambia mwenyewe mbele ya watu, maneno ya mtawa:

"Karma si hakimu. Karma ni nia. Nia yako ilikuwa na nyuzi mbili, kumwonea huruma baba yako na kuogopa kuachwa. Usikate mmoja ukabaki na ule unaokupendeza, wala na ule unaokuumiza. Zote zilikuwa zako. Lakini kifo chake hakikushonwa kwa nyuzi hizo peke yake. Ulikuwepo mshipa, ulikuwepo umri, yalikuwepo mambo tusiyoyajua. Anayesema kila kinachompata mtu ni karma, anakosea. Wewe unamtafuta mtu mmoja aliyefanya yote, ili umwadhibu. Na mimi nimemtafuta mtu wa namna hiyo ndani yangu maisha yangu yote. Sijamwona."

Mdomo alisikia kwamba ni maneno mema, na hayakumgusa. Kama hakuna wa kulaumiwa, basi hakuna wa kukumbukwa vilevile, na yeye hakuja kuondolewa lawama. Alikuja kumtafuta mtu mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

Profesa aliongea bila kipaza sauti. "Mama, nusu kwa nusu ni hesabu ya watu mia. Sayansi inawajua hao mia. Huyo mmoja wako haimjui. Hatuwezi kurudisha dunia nyuma tukajaribu njia ya pili tuone. Atakayekuambia ulimwua anadanganya, na atakayekuambia hukumwua naye anadanganya. Pole sana."

Mdomo alimnong'onezea mtawa hayo yote kwa uaminifu, pamoja na kwamba swali lilikuwa lake yeye, na mtawa akaitikia. Ilionekana mambo yamekwisha. Mwenyekiti akachukua karatasi zake.

"Na mimi nina neno," alisema kinyozi. Alikuwa bado amesimama. "Swali langu limeliwa, basi nipeni nafasi yake."

Mdomo akamgeukia. "Mzee wangu, nisamehe."

"Hilo limepita, binti yangu. Nataka kujua kitu. Siku ile ulipomwambia, alikuwa anakutazama mikono au uso?"

"Vyote. Lugha yetu ni vyote viwili. Bila uso, mikono haina maana."

"Mimi nimenyoa watu miaka arobaini na moja. Siku nzima natazama nyuso kwenye kioo. Mtu akikaa tu kitini najua kama kwake kuna furaha au kuna msiba, na mimi nina masikio, sikuhitaji kujifunza hivyo. Baba yako hakuwa na masikio. Aliishi miaka mingapi?"

"Sitini na nane."

"Miaka sitini na nane anasoma nyuso, na wako aliusoma tangu unazaliwa. Siku hiyo umetoka kuambiwa baba yako anakufa, umesimama mbele yake unamwambia apumzike." Kinyozi akatikisa kichwa taratibu. "Alijua, binti yangu. Alijua kabla hujashusha mikono."

Mtawa aliinamisha sikio kwa Mdomo, akisubiri aelezwe. Mawazo ya Mdomo yalirudi kwenye zile Jumapili kumi na saba. Alikuwa anaziona siku zile moja moja, na safari hii alikuwa anazisoma kama zilivyoandikwa. Baba alimalizia kabati la watu lililokaa karakana miaka miwili bila haraka. Akazinoa patasi zote, akazipaka mafuta, akazifunga kwa kitambaa. Akamnunulia binti kufuli jipya la mlango wa mbele, akamfundisha kulifungua kwa mkono mmoja. Jioni moja alikaa akimtazama muda mrefu, na alipoulizwa kuna nini, mikono yake ikajibu: hakuna, naangalia tu. Yeye Mdomo alifurahi, akadhani mzee amepata nafuu. Kumbe mzee alikuwa anamtunzia siri yake, asimwaibishe.

Hakuuliza tena kama alimwua. Swali hilo lilimtoka pale pale, na mahali pake pakaja jingine lenye uchungu zaidi, ambalo si mtawa wala profesa angeweza kumbebea hata nusu. Walikuwa watu wawili peke yao duniani wenye lugha ile, na wote wawili walijua. Walipewa miezi minne ya kuagana, wakaimaliza wakizungumzia bomba linalovuja.

"Mzee amesema nini?" mtawa aliuliza kwa upole.

Mdomo akafuta uso kwa kiganja, akamtafsiria neno kwa neno, bila kupunguza.